Fungua Hilo Boksi

Mdoli ghali kuliko yote ya Star Wars haujawahi kuchezewa na mtoto. Ni Boba Fett, mfupi kuliko kalamu, sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono, akiwa na kombora dogo mgongoni linalofyatuka. Mwaka 2024 aliuzwa mnadani Marekani kwa dola 525,000. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, kisha urudi tuendelee.

Kwa nini ni adimu kiasi hicho? Kwa sababu hakuwahi kuingia dukani. Mwaka 1979 kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Ohio, iliwatangazia watoto kwamba wakikata vithibitisho vinne vya ununuzi kutoka kwenye pakiti za midoli mingine na kuvituma kwa posta, wataletewa Boba Fett mwenye kombora la kufyatuka. Lakini kabla ya mzigo kuanza kutumwa, mtoto mmoja wa Marekani alikuwa amefariki baada ya kukabwa koo na kombora la mdoli wa kampuni nyingine, uliotokana na tamthilia ya Battlestar Galactica. Kenner wakarudi nyuma. Boba Fett aliyewafikia watoto kwa posta alikuja na kombora lililogandishwa mgongoni. Sampuli chache zenye kombora linaloruka ndizo zinazopiganiwa leo.

Sasa litazame jambo hili taratibu. Watu wazima, wenye akili timamu na kadi za benki, wamekubaliana kwamba kitu bora kuliko vyote katika dunia ya midoli ni kile ambacho hakikumfikia mtoto kwa sababu kingeweza kumuua. Hicho ndicho kilele cha mlima. Kila kitu kingine kinapimwa kwa kukitazama hicho.

Mimi nasema mlima huo umesimama kichwa chini miguu juu.

Siandiki kama mpita njia. Nami ni mkusanyaji. Katika chumba changu Tabata nina midoli 61 ya wahusika wa filamu, katuni na vitabu, yote mikuukuu, mingi nimeitoa kwenye mitumba. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu mzima anayenunua midoli. Wanaotucheka na kutuuliza tutakua lini wana starehe zao ambazo nikizitaja hapa tutakosana bure. Ugomvi wangu ni na mizani. Mizani iliyopo inasema mdoli ambao haujaguswa ni alama 100, na mdoli uliopendwa mpaka ukachakaa ni takataka. Nadai kinyume chake. Mdoli ambao haujachezewa bado haujawa mdoli. Ni plastiki na tangazo.

Na nadai jambo la pili, ambalo linatuhusu zaidi sisi tunaosoma ukurasa huu kwa Kiswahili. Wengi wetu utoto wetu haukuja kwenye boksi. Tukiikubali mizani inayosema chenye thamani ni kilicho ndani ya boksi, tutakuwa tumetia saini kwamba hatukuwa na utoto wa kuhifadhiwa.

*

Tuanze na boksi lenyewe, tujue limetoka wapi.

Biashara ya kumfanya mhusika wa hadithi kuwa kitu cha kuchezea ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1903, mwaka mmoja baada ya kitabu chake cha Peter Rabbit kutolewa na Frederick Warne, Beatrix Potter alitengeneza mwenyewe mdoli wa sungura huyo na kuusajili kwenye ofisi ya hataza mjini London. Mickey Mouse alipata umaarufu mwaka 1928, na kufikia 1932 Disney walikuwa wamempa Kay Kamen kazi ya kuuza leseni za sura ya panya huyo. Mwaka 1933 ikatoka saa ya Mickey ya Ingersoll. Mwaka 1934 kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel, iliyokuwa hoi kwa madeni, ikauza kitoroli cha reli chenye Mickey na Minnie kwa dola moja. Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu. Watu walikuwa wanapanga foleni ya mkate, na panya akawa anauza saa.

Kisha ikaja Star Wars. Filamu ilitoka Mei 1977, na hakuna aliyejiandaa kwa kishindo chake. Krismasi ilipokaribia, Kenner hawakuwa na midoli ya kuuza. Wakauza ahadi: bahasha kubwa ya kadibodi yenye picha, stika na hati ya kutuma kwa posta, ili mwaka 1978 ukianza mtoto aletewe wanasesere wanne. Kuna watoto waliofungua zawadi yao siku ile wakakuta kadibodi. Wanasesere hawakuwemo. Ukitaka kujua ibada ya boksi ilianzia wapi, nadhani hapo si pabaya pa kuanza kutafuta.

Wanasesere wenyewe walipofika madukani, kila mmoja alikaa mbele ya kadi, na nyuma ya kadi za mwanzo zilipangwa picha za wote 12, mtoto akihimizwa awakusanye. Naomba uligande neno hilo. "Kukusanya" si neno tulilolibuni sisi wapenzi wa vitu vya kale. Lilikuwa agizo la muuzaji kwa mtoto wa miaka sita, na leo mtu wa miaka arobaini na sita analitii na kuliita utaalamu.

Miaka ya 1980 aibu ikaisha kabisa. Serikali ya Marekani, kupitia tume ya mawasiliano iliyokuwa chini ya Mark Fowler, ililegeza masharti ya matangazo kwenye vipindi vya watoto. He-Man alitangulia kuwa mdoli wa Mattel mwaka 1982, kisha mwaka 1983 akapata katuni. Hasbro walichukua maroboti ya kampuni ya Kijapani ya Takara, wakayapa majina na ugomvi, na mwaka 1984 dunia ikaletewa Transformers dukani na kwenye televisheni kwa pamoja. Zamani mdoli ulikuwa kumbukumbu ya hadithi. Sasa hadithi ikawa tangazo la mdoli. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 1990 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuweka ukomo wa dakika za matangazo katika kila saa ya vipindi vya watoto.

Kwa hiyo mkusanyaji anapolinda kona ya kadi isikunjike, kiputo cha plastiki kisipate ufa, stika ya bei isibanduke, tuambizane ukweli: analinda tangazo. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kupokea midoli, kuipa alama, na kuifungia ndani ya kasha gumu la akriliki ambalo halitakiwi kufunguliwa tena. Alama hizo zote ni za kutoguswa. Hakuna alama hata moja ya kupendwa. Waswahili tulishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa naona tangazo limekwisha kazi yake, bidhaa imenunuliwa, mtoto hajaipata, na bado tangazo linatembezwa kutoka mnada hadi mnada kwa bei inayopanda.

*

Sasa nikuonyeshe kinachotupwa.

Nina Chewbacca. Nilimpata Karume, kwa kijana anayefungua belo za vitu vya watoto, katikati ya lundo la matairi ya vigari na vichwa vya farasi. "Kaka, chukua hako kasokwe, elfu mbili," akaniambia. Nikamgeuza. Nyuma ya mguu ameandikwa GMFGI 1977, na chini yake Hong Kong. Yule kasokwe alikuwa miongoni mwa wale wanne wa mwanzo, walioahidiwa kwa bahasha.

Hana bunduki yake. Pua imefutika, imebaki ngozi ya plastiki tupu. Bega la kulia limelegea kuliko la kushoto, ishara kwamba aliyekuwa naye alimfanya apige ngumi mara nyingi, na kila mara kwa mkono uleule. Kwenye kisigino kuna alama za meno madogo. Na chini ya unyayo mmoja zimekwaruzwa kwa kitu chenye ncha herufi tatu: T, O, M. Herufi ya mwisho imeishiwa nafasi, imepanda ukingoni.

Hebu soma hapo. Kuna mtoto aliyejifunza kuandika jina lake akaona pa kwanza panapostahili ni hapo. Kuna mdogo wake pengine, au yeye mwenyewe siku za nyuma, alikuwa anaota meno. Kuna mkono wa kulia uliojua vita. Kuna safari kutoka kiwanda cha Hong Kong hadi nyumba fulani ya baridi, hadi gunia la msaada, hadi meli, hadi Ilala. Sijui kitabu cha historia kinachoweza kuniambia hayo yote kwa urefu wa kidole.

Mnunuzi mmoja wa ng'ambo aliona picha yake akanipa bei ya dola 12. Nilipomtumia picha ya nyayo, alishuka hadi dola 4. Akaniandikia kwa upole kabisa kwamba jina ni dosari, ila nisiwe na wasiwasi, msasa laini na subira ya nusu saa vitaliondoa, na tukimaliza hapo bei inaweza kurudi.

Sikumuuzia. Lakini ushauri wake si wa mtu mmoja mwenye roho mbaya, ndiyo desturi. Plastiki nyeupe iliyopiga manjano inapakwa haidrojeni peroksidi na kuanikwa juani ing'ae. Mkono uliopotea unabadilishwa kwa wa kuiga. Rangi inaongezwa puani. Kila alama iliyoachwa na mtoto inafutwa ili mdoli ufanane kadiri iwezekanavyo na ule ambao hakuna mtoto aliyeugusa. Wanaliita zoezi hili kurejesha. Kurejesha nini, ikiwa kinachofutwa ndicho pekee kilichotokea?

Kichekesho ni kwamba wenye kiwanda cha ndoto wenyewe walishatuonya. Toy Story 2 ya mwaka 1999 ni filamu kuhusu jambo hilihili. Woody anagundua kuwa yeye ni bidhaa adimu ya kipindi cha watoto cha televisheni cha miaka ya 1950. Mfanyabiashara anamwiba ili amuuze kwa jumba la makumbusho Japani, na fundi anaitwa amkarabati. Fundi yule anapaka rangi juu ya jina la Andy lililoandikwa chini ya kiatu. Watoto ukumbini walielewa mara moja kwamba hapo kuna uovu umetendeka, japokuwa kiatu kilionekana kizuri zaidi. Na katika filamu hiyo mwenye roho iliyooza kuliko wote ni mzee ambaye hajawahi kutoka kwenye boksi lake. Mamilioni ya watu wakaitazama filamu, wakalia, kisha baadhi yao wakaenda kununua Woody na kumwacha ndani ya boksi ili apande bei.

*

Nina mwingine wa kumtaja, na huyu hata kwenye orodha ya dola 4 hafiki.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Morogoro. Miaka ya 1990 mdogo wangu wa kike alipata fulana ya mtumba yenye picha ya Mickey, akaishikilia mpaka ikambana. Siku moja Mama aliiweka ile fulana mezani, akaitazama kwa muda, akavuta mfuko wa masalia. Kichwa na masikio vikatoka kwenye kitambaa cheusi cha suruali ya mteja. Kaptula ikatoka kwenye pindo la kanga nyekundu, na vifungo viwili vya shati la shule vikakaa mbele yake. Tumbo likajazwa sufi. Sikio moja lilikuwa kubwa kuliko jingine, na kwa kuwa sufi ilishuka chini baada ya wiki mbili, akawa na kitambi. Mdogo wangu akamwita Babu Miki.

Babu Miki alibebwa mgongoni kwa kipande cha kanga, akalazwa, akaugua malaria, akachomwa sindano kwa chelewa la ufagio. Alifuliwa kwa Omo na kuanikwa kwa masikio. Alisuluhisha ugomvi na kuusababisha. Sikio dogo lilichanika likashonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha.

Nikimpeleka Babu Miki kwa wenye mizani, wana neno moja tu: feki. Hana leseni.

Lakini historia ya leseni yenyewe ina ukurasa ambao hawapendi kuufungua. Midoli ya kwanza ya Mickey ilianza kushonwa mwaka 1930 na mwanamke aitwaye Charlotte Clark, huko California. Watu wakaitaka kuliko alivyoweza kushona. Kwa hiyo mwaka 1932 kampuni ya McCall ikauza karatasi ya mchoro, kwa idhini ya Disney, ili akina mama washone Mickey wao nyumbani kwa vitambaa walivyo navyo. Yaani kuna wakati ambapo njia halali kabisa ya kumpata Mickey ilikuwa mama, mkasi na masalia. Mama yangu, bila karatasi ya mchoro, alikuwa ndani ya desturi hiyo. Tofauti ni kwamba kazi za wale akina mama wa Marekani leo ni vitu vya kale vyenye soko, na kazi ya Mama ni wizi wa alama ya biashara.

Na Babu Miki angalau ana jina la kimataifa. Vipi kuhusu mabasi? Mhusika maarufu wa utoto wa wavulana wengi niliokua nao hakuwa kwenye televisheni, alikuwa basi. Tulikunja waya tukapata Scania, tukakata magurudumu kwenye ndala zilizokufa, tukaandika ubavuni jina la basi lililopita barabara kuu jana yake, tukaendesha kwa usukani wa fimbo ndefu huku tukiguna gia kwa mdomo. Hiyo ni midoli ya wahusika maarufu kwa maana kamili ya maneno hayo. Wasichana walikuwa na mwanasesere wa gunzi la mahindi mwenye nywele zilizosukwa, akapewa jina la mwigizaji wa mchezo wa redio uliokuwa unatamba. Wangapi tumebaki nao? Tulivitupa kwa sababu hakuna aliyetuambia vina thamani, na hakuna aliyetuambia kwa sababu havikuwa na boksi.

*

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nitayajibu kabisa.

La kwanza: "Kama kila mtu angefungua boksi, leo tusingejua lilifananaje." Ni kweli, na ni hoja nzuri. Rangi za awali, maandishi, bei, mpangilio wa picha, vyote ni ushahidi. Ndiyo maana yapo majumba ya makumbusho, na nafurahi kwamba yana maboksi yaliyofungwa. Lakini ushahidi huo unahitaji nakala chache. Maelfu ya mengine yaliyofungwa hayatuongezei chochote, maana sifa ya kitu ambacho hakijaguswa ni kwamba kinafanana na kila kingine ambacho hakijaguswa. Chewbacca mwenye meno kisiginoni yuko mmoja duniani.

Tena boksi haliizuii kemia. Vitu vilivyotiwa katika plastiki laini ili iwe laini huchuruzika polepole kwa miaka, mdoli ukaanza kunata kama umepakwa asali. Kiputo cha mbele hupiga manjano. Unaweza kufunga kwa akriliki uzito wa tofali, ndani yake mdoli unaendelea kuzeeka. Swali halijawahi kuwa kama utachakaa. Swali ni kama utachakaa mikononi mwa mtu au peke yake gizani.

Jibu la pili: "Pesa ni zangu." Ni zako. Sipendekezi polisi. Napinga tu usiite uwekezaji wako kuwa ni kuhifadhi utoto. Mwenye kununua hisa haiti hisa zake kumbukumbu ya bibi yake.

Jibu la tatu ndilo zito: "Wewe unapendezesha mambo. Si kila alama ya mchezo ni tamu." Kweli tena. Na hapa ndipo mizani yao inaponionyesha ubaya wake wote.

Mwaka 1895 Florence Upton alichora kitabu cha watoto chenye mhusika aitwaye Golliwogg, kikaragosi cha sura nyeusi, macho makubwa na nywele za kusimama, aliyetokana na michezo ya jukwaani ya Wazungu waliojipaka masizi. Hakumlinda kisheria, kwa hiyo kila kiwanda kikamchukua. Steiff wa Ujerumani walianza kumtengeneza mwaka 1908. Kampuni ya jemu ya Robertson's ya Uingereza ilimweka kwenye bidhaa zake tangu 1910 hadi mwanzoni mwa karne hii, na beji zake bado zinakusanywa. Mwaka 1930 kampuni ya Marx ilitoa teksi ya bati ya Amos 'n' Andy, wahusika weusi wa redio ambao sauti zao zilikuwa za Wazungu wawili. Hiyo nayo ni midoli ya kale ya wahusika maarufu. Nayo ina alama za hali: bati halijakwaruzwa, spiringi inafanya kazi, boksi lipo. Safi kabisa. Mizani inayopima kutoguswa tu haina uwezo wa kuuliza kitu hiki kilimfundisha nini mtoto aliyekigusa, na kilimfanya nini mtoto mwingine aliyefananishwa nacho shuleni.

Kwa upande mwingine, Michigan, katika Chuo Kikuu cha Ferris State, kuna Jim Crow Museum, iliyoanzishwa na David Pilgrim, msomi mweusi wa sosholojia aliyekusanya vitu vya namna hii kwa miaka mingi. Pale teksi ya bati haikai rafuni kama johari. Inakaa kama ushahidi, ili watu waizungumzie. Anayeingia haulizwi kama boksi lipo, anaulizwa kitu hiki kilifanya kazi gani duniani. Hicho ndicho kipimo ninachokidai kwa midoli yote, mitamu na michungu: ilifanya kazi gani, mikononi mwa nani.

Wala siko peke yangu. Rochester, New York, kuna jumba la makumbusho la michezo liitwalo The Strong, lenye orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea. Wanasesere wa Star Wars waliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2012. Fimbo, kijiti chochote ulichookota, iliingia mwaka 2008. Na boksi la kadibodi liliingia mwaka 2005, kabla yao wote. Lakini liliingia likiwa tupu, kama gari, kama nyumba, kama jahazi. Waliolipa heshima boksi walijua linapata thamani pale mtoto anapoingia ndani yake.

*

Basi nadai nini?

Kwanza, acha kusugua majina. Ukikuta herufi chini ya mguu, rangi ya kucha kwenye nywele za plastiki, plasta kwenye goti la dubu, hiyo ndiyo sehemu ya thamani. Ukiuza, itaje kwanza, usiifiche mwishoni kama ugonjwa.

Pili, uliza. Wanaofungua belo Karume, Gikomba na kwingineko wanapitisha mikononi utoto wa mabara mengine kila wiki, na sisi tunauliza bei tu. Na ukipewa mdoli na shangazi, usiondoke na mdoli peke yake. Kaa, uliza ulikuwa wa nani, mtaa gani, mwaka gani, aliuitaje, ulivunjikaje. Andika kwenye karatasi, ifunge mguuni kwa uzi. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko cheti chochote cha akriliki.

Tatu, hifadhi visivyo na leseni. Gari la waya likiletwa kwako na mtoto wa jirani akakuomba mia tano, lipa, kisha mwandike fundi wake, umri wake, na basi aliloliiga. Tuna watoto leo wanaokua na katuni zilizotengenezwa hapahapa, wanaomjua Akili wa Akili and Me kama wanavyomjua Elsa wa kwenye begi la Kariakoo. Wanamchora, wanamfinyanga kwa udongo, wanamshonea nguo. Miaka thelathini ijayo mtu atatafuta ushahidi kwamba wahusika wetu walipendwa. Ushahidi huo unachezewa uani sasa hivi, na jioni utafagiwa.

Nne, lile boksi. Kama ni bati la zamani lenye rangi ya risasi, usimpe mtoto. Weka juu ukamsimulie. Kama ni plastiki yenye vipande vidogo, mpe aliyekwisha acha kutia vitu mdomoni. Lakini kama ni salama, na uliununua kwa sababu uliupenda na si kwa sababu ya mnada, chukua kisu kidogo, kata taratibu pembeni mwa kiputo. Utasikia harufu ya plastiki iliyosubiri. Kadi weka, ni ushahidi. Mdoli mpe mtu mwenye mikono midogo, na usimwambie bei. Mwache autazame, aukunje mkono, aupe jina lisilo lake.

Nao siku hiyo utaanza kuwa mdoli.